Mashine Iliyongoja Msikilizaji

Ofisini walimwita Mama Waya, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wenzake walikuwa na meza safi, kompyuta na kikombe tu. Meza yake ilijaa nyaya za kila rangi, bodi ndogo za umeme zilizovuliwa maganda, mita ya kupimia umeme, na kijitaa chekundu kilichowaka na kuzima kutwa nzima bila sababu iliyojulikana na mtu mwingine. Siku moja Meneja alimuuliza kijitaa kile kina kazi gani. Mama Waya akasema kinaonyesha kuwa kiko hai.

"Nini kiko hai?"

"Hicho chenyewe."

Meneja akatikisa kichwa, akaenda zake, wala hakuuliza tena.

Mama Waya alikuwa mwandishi wa programu, tena hodari. Ila zile programu za kwenye simu hazikumpanda kichwani. Alipenda zile zinazokaa ndani ya vitu: ndani ya lifti, ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya pampu inayojua kujizima tangi likijaa. Ukimwambia kitu "washa," kiwake, ukisikie kinanguruma, ukiguse uone kimepata joto. Hiyo ndiyo kazi, alisema, mengine yote ni kuchora. Na ndiyo kazi aliyoajiriwa kwayo, maana kampuni ilipoanza ilitengeneza vidhibiti vya pampu. Kisha wakubwa wakagundua kwamba watu wanashika simu kutwa kucha na hakuna anayeshika pampu. Wakauza mitambo, wakanunua makochi ya rangi, wakawahamishia wafanyakazi wote kwenye programu za simu. Mama Waya akapewa kitufe.

Si utani jamani, ni kitufe kweli. Kile kilichoandikwa "Endelea." Karibu mwaka mzima kazi yake ilikuwa kukisogeza kulia, kukirudisha kushoto, kukikata pembe, kukiongezea kivuli, na kila hatua ilikuwa na kikao chake. Watu wazima, wenye familia zao, waliketi kuzunguka meza kujadili kama kitufe kimezidi uduara. Mama Waya alitazama dari akihesabu taa. Akiulizwa maoni, aliuliza chini ya kitufe kuna nini. Walimwambia kuna programu nyingine. Na chini ya hiyo? Nyingine. Na chini kabisa, umeme uko wapi? Hapo kikao kilicheka, Meneja akasema, "Dada yetu naye na umeme wake," na wakarudi kwenye kivuli.

Yote hayo aliyamwaga nyumbani. Mumewe alikuwa kinyozi, mwenye kibanda cha viti viwili na kioo kirefu upande wa pili wa barabara, na kazi ya kinyozi nusu ni mashine, nusu ni masikio. Mchana kutwa alisikiliza habari za ndoa, za mpira na za mirathi, na jioni akirudi alimkuta mkewe amekaa mkao wa kula.

"Leo unajua wamenifanya nini?"

"Eeh."

"Kitufe wamekirudisha kushoto!"

"Jamani."

"Kulekule kilikokuwa mwanzo!"

"Mambo hayo."

Eeh, jamani, mambo hayo. Kinyozi aliyatoa maneno yake kwa zamu huku akivua viatu, na Mama Waya alijua fika kwamba yanaingia sikio hili na kutokea lile. Hakujali. Hata masikio ya kuazima yalimtosha, ilimradi yawepo, kwa sababu bila kuyatoa ya moyoni hakuweza kuanza jambo lolote. Sufuria haikupanda jikoni, maji ya kuoga yalipoa, mpaka kwanza kitufe kizungumzwe. Ukweli ni kwamba alikuwa amegeuka mlalamishi, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kulijua hilo.

Aliyechoka kwanza ni wifi yake, dada wa Kinyozi, mfugaji wa kuku na mwanamke asiyejua kunong'ona. Alikuja siku ya mapumziko na trei ya mayai, akakisikia kisa cha kitufe kuanzia mwanzo, akaweka kikombe chini.

"Wifi, mimi nimeshakuwa mtaalamu wa hicho kitufe na sijawahi kukiona. Sasa nisikilize na wewe. Yule mama aliyenitengenezea mashine ya kuangua mayai, mwenye karakana, mtu wake wa programu amehama. Anatafuta mwingine. Anasema anataka mtu anayependa mashine kuliko anavyopenda watu. Nikamwambia huyo tunaye nyumbani."

"Umemwambia mimi sipendi watu?"

"Nimekusifia, wifi!"

Mama Waya alijifanya kununa, lakini hata soda yake hakuimaliza. Keshoye alitoka ofisini mapema kidogo, akaenda.

Karakana ilikuwa ghala lenye mlango mpana, linanuka mbao mbichi na rangi. Masanduku ya mbao yalipangwa ukutani, makubwa kama kabati na madogo kama sanduku la nguo, na kila moja lilikuwa na balbu zake za kutia joto, feni yake na trei za mayai. Mwenye karakana alikuwa mama wa makamo, miwani moja ameipandisha kichwani na nyingine inaning'inia shingoni, na zote mbili alikuwa akizitafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe usiyependa watu?"

Yule mama hakungoja jibu. Akamwonyesha sanduku mojawapo na kumweleza shida yake kwa ufupi. Mashine ya mayai ni kuku asiye na akili. Akili lazima mtu aiweke. Ijue joto likishuka iwashe balbu, likipanda izime, na iyageuze mayai kila baada ya muda, kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo. Hilo tu. Aende nalo kwake, akimaliza alirudishe, na hapo ndipo watazungumza kazi.

"Hilo tu," alilirudia Mama Waya njiani, na kwa furaha nusura apitilize mtaa wao. Hakuna kitufe hata kimoja. Kuna joto, kuna feni, kuna mota ya kugeuza mayai, na mwisho wake kuna roho ya kifaranga. Aliitaka kazi ile kweli kweli.

Meza ya kulia chakula ilitekwa siku hiyohiyo, na nyumba nzima ikawa inakula sahani zikiwa mapajani. Sanduku lilikaa katikati, ubavuni mwake kompyuta, na kati yao waya mmoja mweusi. Kwenye waya huo mashine ilikuwa ikimtumia maneno yake, nayo yalijiandika kwenye kioo cha kompyuta: Naamka. Joto liko chini. Nawasha balbu. Joto limetosha. Nazima. Nageuza mayai. Mama Waya aliyasoma kwa sauti kama barua ya mpenzi.

"Mashine ina maneno kuliko wateja wangu," alisema Kinyozi, akitafuta mahali pa kuweka bilauri. Lakini hakulalamika. Tangu sanduku liingie nyumbani, kitufe kilikuwa hakijatajwa, na alitamani likae mwaka.

Siku ya kulirudisha alilibeba Kinyozi mwenyewe, maana lilikuwa zito. Waliliweka juu ya meza ya karakana. Mwenye karakana alivuta kiti, akaishusha miwani ya kichwani, akairudisha, akavaa ya shingoni. Mama Waya alichomeka umeme ukutani, akabonyeza swichi, akarudi nyuma hatua moja kama mpiga picha.

Kimya. Balbu hazikuwaka, feni haikuzunguka, mota haikutikisika.

Alizima, akawasha. Kimya kilekile. Akashika nyaya moja baada ya nyingine, akapima umeme kwa mita. Umeme ulikuwepo, tena wa kutosha.

"Nyumbani ilikuwa inafanya kazi," alisema.

"Zote hufanya kazi nyumbani, mwanangu," alijibu yule mama kwa upole mkubwa, na upole huo ulimuuma Mama Waya kuliko matusi.

Alitoa kompyuta mkobani, akachomeka ule waya mweusi ili aone kulikoni. Papo hapo sanduku likazinduka. Naamka. Joto liko chini. Nawasha balbu. Mwanga wa njano ukajaa ndani.

"Imepona?" aliuliza mwenye karakana.

Mama Waya alichomoa waya. Mashine iliendelea vizuri tu. Alizima swichi, akawasha tena bila waya. Ikafa. Akachomeka, ikafufuka. Pale mlangoni Kinyozi alikuwa akifuatilia mchezo huo kwa makini, na kama wafanyavyo watu wasio na ubaya, akasema kwa sauti lililomjia.

"Kumbe mpaka imsikie mtu anaisikiliza ndipo ianze kazi."

Kisha akauona uso wa mkewe, akatamani ulimi wake aumeze.

Mama Waya alikuwa amesimama wima, waya mkononi, na damu yote imempanda usoni. Alikuwa ameelewa. Mwanzoni kabisa, siku ya kwanza pale mezani, alitaka asipitwe hata na neno la kwanza la mashine yake, kwa hiyo akaiandikia mstari mmoja mfupi: kabla ya jambo lolote, ngoja kwanza kompyuta iunganishwe, iwe tayari kusikiliza. Watu wa kazi yake huuweka mstari huo kila siku, na wote hujua kwamba kifaa kikitoka mezani lazima uondolewe. Anayeusahau ni mwanafunzi. Yeye aliusahau kwa sababu waya haukuwahi kuchomolewa, na haukuchomolewa kwa sababu aliona raha kusoma yale maneno. Aliona aibu. Aliona aibu ya fundi aliyekosea, na chini yake aibu nyingine iliyomhusu yeye na sufuria ambazo hazikupanda jikoni.

Angeweza kusingizia umeme wa karakana. Wazo lilimpitia, halikukaa. Akaeleza kila kitu kama kilivyo.

Mwenye karakana alicheka mpaka miwani ya kichwani ikaangukia puani, juu ya ile nyingine. "Kwa hiyo mayai ya watu yaoze kwa sababu hakuna wa kuongea naye?"

"Ndiyo, mama."

"Ina tabia za mume wangu, Mungu amrehemu. Haya, iponye."

Mama Waya aliufuta mstari, akaituma programu upya ndani ya sanduku, akachomoa, akazima, akawasha. Balbu ziliwaka. Feni ikaanza kuimba. Alimgeukia mwenye karakana akiwa na tumaini lote usoni, na yule mama hakutabasamu.

"Mbele yako inafanya. Mimi siuzi mashine pamoja na wewe ndani yake. Kesho naletewa mayai ya mteja, nitayatia humu. Wewe nenda kwako. Usije, usipige simu, usimtume wifi yako ambaye namjua. Vifaranga wakitoka, kazi ni yako. Wasipotoka, tutabaki kusalimiana njiani."

Vifaranga huchukua wiki tatu. Kwa kuku si kitu, anakaa tu. Mama Waya alirudi kwenye kitufe chake na akashangaza ofisi kwa kutobisha. Walimwambia kiwe cha bluu, akakifanya cha bluu. Walimwambia bluu si hiyo, akabadilisha. Meneja alidhani hatimaye dada yao ametulia, akampongeza mbele ya watu kwa moyo wa ushirikiano. Masikini hakujua kuwa anayempongeza yuko ndani ya sanduku la mbao, amejikunyata kando ya mayai.

Mara moja tu alijikuta, eti kwa bahati, amepita mtaa wa karakana ambao hauko njiani kwenda popote pake. Mwenye karakana alikuwa mlangoni akifagia. Alinyanyua ufagio tu na kumwonyesha barabara, Mama Waya akaongeza mwendo kana kwamba anawahi msiba.

Wakati wiki ya tatu inaanza, umeme ukakatika. Ilikuwa jioni mapema, wanakula, na mtaa mzima pamoja na upande wa karakana ukawa giza. Kinyozi aliwasha mshumaa, akaendelea na wali wake. Mama Waya aliweka kijiko chini. Joto lenyewe halikumtisha. Mbao hutunza joto kwa muda. Alichoogopa ni umeme ukirudi. Umeme ukirudi, mashine itaamka upya kabisa, mwanzo kabisa, palepale palipokuwa na ule mstari. Aliufuta, ndiyo. Lakini je, programu mpya ilifika ndani ya sanduku? Au aliufuta kwenye kompyuta tu? Na ile mara ya mwisho ilipowaka, waya ulikuwa umechomoka, au aliuchomoa baada ya kuwasha? Alijaribu kuikumbuka mikono yake na haikukumbukika. Kila alipoitazama akilini, waya ulikuwa mahali tofauti.

Umeme ulirudi, mtaa ukashangilia. Yeye alisimama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Kinyozi.

"Karakana. Nitachungulia dirishani tu."

"Si alikukataza?"

"Mayai yanakufa, mume wangu! Kama mstari bado upo, saa hizi sanduku limekaa pale na giza lake, linangoja mtu! Nikienda nakosa kazi, nisipoenda vifaranga wanafia ndani ya maganda, na kazi naikosa vilevile." Alikuwa anaogopa kweli, si kwa maringo, na viatu alikuwa ameshavaa, kila mguu na cha aina yake.

Kinyozi alifuta mikono taratibu. Safari hii hakusema eeh, wala jamani.

"Waya ulikuwa kwangu," alisema.

"Waya upi?"

"Ule mweusi. Ulipochomoa ulinirushia bila kuniangalia, ukanigonga hapa kifuani. Nikauviringisha, nikautia mfukoni. Ndipo ukazima. Ndipo ukawasha, ikawaka. Waya ukiwa mfukoni mwangu. Tulipofika nyumbani niliutundika kwenye msumari jikoni, na upo palepale."

Mama Waya alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Kwa hiyo ulikuwa unaangalia?"

"Mke wangu, nikiacha kuangalia kazini, watu wanaondoka bila sikio. Vua viatu ule."

Akavua, akala, na wali ulikuwa umepoa. Kisha wakaosha vyombo pamoja, wakalala.

Simu ilimkuta kwenye kikao. Aliiona namba, akatoka bila kuomba ruhusa, na hakuingia tena. Alifika karakana akihema. Mwenye karakana alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye sanduku, akafungua kifuniko.

Walikuwa wengi, wamelowa, wameshtuka, wana manyoya yaliyosimama huku na huko kama watu walioamshwa ghafla. Wengine bado walikuwa wakisukuma ganda kwa mabega. Kelele yao ilijaa ghala zima. Mama Waya aliingiza mkono, akaliona joto, lilelile aliloliandika kwa vidole vyake, na machozi yakamtoka bila kuaga.

"Umeme ulikatika siku ile nikiwa hapa," alisema yule mama. "Uliporudi, likaamka lenyewe. Halikumngoja mtu. Sasa sikiliza, kazi ni yako, lakini nikuambie mapema usije ukanilaumu. Hapa mashine ikiharibika, watanipigia simu watu wote mjini. Ikifanya kazi, hapigi mtu. Unaweza?"

Kabla hajajibu, mlangoni aliingia mteja mwenye yale mayai, bwana mnene mwenye maboksi ya karatasi mikononi na haraka zake. Alimpita Mama Waya bila kumwona, akainama juu ya sanduku, akapiga kelele ya furaha.

"Si nilikwambia, mama? Si nilikwambia! Yule jogoo wangu hana mchezo! Mayai ya jogoo yule hata ungeyatia kabatini yangetoa vifaranga!"

Mwenye karakana alivua miwani, akamtazama Mama Waya, akangoja. Maneno yalimjaa kooni yote, ya joto, ya mota, ya umeme kukatika na kurudi. Yalisukumana kutaka kutoka, na palikuwa na mtu wa kuyasikiliza, amesimama palepale mbele yake. Mama Waya aliokota boksi lililoanguka chini, akamkabidhi yule bwana.

"Jogoo wa maana huyo," alisema, akaenda kumshikia mlango.